Mbwa mwitu 80, simba 25: namba za mafanikio ya uwindaji zinasema nini hasa?

Swali: "Ninasomea kazi ya kuongoza watalii. Kila orodha ninayoisoma inasema mbwa mwitu hufanikiwa zaidi ya mara 80 katika kila mawindo 100, duma 50, fisi 30 na kitu, simba 25, na chui yuko mkiani. Nikasoma kwingine nikakuta duma ana 26 na mbwa mwitu ana 15. Nani mkweli? Na mgeni akiniuliza ni mnyama gani mwindaji hodari kuliko wote Afrika, nimjibu nini?"

Jibu:

Wote wanasema kweli. Tatizo ni kwamba hawahesabu kitu kimoja.

Asilimia ya mafanikio ni sehemu. Juu kuna wanyama waliokamatwa, chini kuna majaribio. Juu hakuna ubishi, kwa sababu mzoga ni mzoga. Ubishi wote uko chini: jaribio ni nini, na linaanza wakati gani? Je, ni pale simba anapoinamisha kichwa na kumkazia macho punda milia aliye mita 200? Anapoanza kunyatia? Au anapochomoka mbio? Simba huacha mara nyingi sana katikati ya kunyatia, basi ukianza kuhesabu kwenye jicho utapata asilimia ndogo, na ukianza kwenye mbio utapata kubwa zaidi, kwa simba yuleyule, usiku uleule.

Tuanze na mbwa mwitu, maana ndiye anayetajwa vibaya kuliko wote. Ile namba ya zaidi ya 80 ina asili yake: ilipatikana Ngorongoro miaka ya 1960, kwenye uwanda wazi ambako mtu aliweza kulifuata kundi kwa gari mchana na kuona kila kitu tangu mwanzo hadi mwisho. Huko Selous, kwenye miti na vichaka, watafiti Scott na Nancy Creel walirekodi mawindo 905 yaliyozaa wanyama 404, yaani takriban 45 kwa 100. Mbwa ni walewale, nchi ni ileile, ila ardhi na mawindo ni tofauti, na namba imeshuka karibu nusu.

Ile 15 uliyoiona nayo imetoka Okavango, Botswana, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016. Kundi la mbwa sita wazima lilivishwa kola za GPS zenye vihisi vya mwendo, na kila mbio ya kila mbwa ikaandikwa peke yake. Kwa hesabu ya mbwa mmoja mmoja, mbio zilizozaa mnyama zilikuwa 15.5 kwa 100. Sasa piga picha hii. Mbwa sita wanaingia kichakani, swala pala wanatawanyika, kila mbwa anamkimbiza wake. Mmoja anakamata, watano wanakosa. Dakika chache baadaye wote sita wamezunguka mzoga mmoja wanakula. Kwa hesabu ya kundi, windo hilo limefaulu kwa 100. Kwa hesabu ya mbwa, limefaulu moja kwa sita, yaani chini kidogo ya 17. Tukio ni moja, nalo limezaa namba mbili zilizo mbali kabisa, na zote ni sahihi.

Utafiti huohuo ulitikisa jambo jingine ambalo waongozaji wengi hulisimulia kwa uhakika: kwamba mbwa mwitu hupokezana mbio, wa mbele akichoka anampisha wa nyuma, hadi mnyama aishiwe pumzi. Kule Okavango, mbio zilikuwa fupi na za kubahatisha, na dalili za kupangana zilikuwa chache mno. Kwenye uwanda wazi kama Serengeti mbio ndefu za kilomita kadhaa zipo, na mnyama anayekata kona mara nyingi huishia mdomoni mwa mbwa aliyekuwa nyuma, kwa sababu yeye amekata njia ya mkato. Kwa macho ya mtu hilo linafanana na kupokezana zamu. Nakushauri uliseme kama lilivyo: wa nyuma amenufaika na kona.

Kinachowapa mbwa mwitu faida kubwa ni kugawana. Hata mnyama akikamatwa na mbwa mmoja, wote hula, wale walioachwa pangoni hutapikiwa nyama, na watoto hutangulia. Kwa hiyo mbwa anayekosa mara tano kati ya sita halali njaa. Hiyo ndiyo siri yao, na asilimia haiwezi kuionyesha.

Duma sasa. Serengeti, watazamaji wenye darubini walipata kati ya 40 na 50 kwa 100 kwa swala tomi wazima, na kwa watoto wa swala wachanga waliokimbizwa walipata karibu wote. Kule Okavango, timu ya Alan Wilson ya chuo cha mifugo cha London iliwavisha duma watano kola za kupima mwendo, ikapata mbio 367, na 26 kati ya kila 100 ndizo zilizofaulu. Tofauti inatoka wapi? Kwanza kola haichagui. Inaandika hata mbio ya sekunde tano ambayo mtazamaji angeipuuza. Pili inafanya kazi hata duma akiwa ndani ya kichaka, ambako mtu haoni kitu. Na mawindo yenyewe si sawa: swala pala mzima wa Botswana si mtoto wa swala tomi aliyelala kwenye nyasi.

Kola hizo zilionyesha mengine yanayofaa kuyajua. Mwendo wa kasi kuliko wote ulikuwa mita 25.9 kwa sekunde, sawa na kilomita 93 kwa saa, lakini mbio nyingi zilikuwa chini sana ya hapo. Wastani wa umbali wa mbio moja ulikuwa mita 173 tu. Basi usimwambie mgeni kwamba duma hushinda kwa kasi peke yake. Mtazame vizuri. Anaponyatia, kichwa hukiinamisha hadi usawa wa mabega; swala akiinua uso, duma anaganda papo hapo, hata kama mguu mmoja uko hewani. Akifika mita 50 au pungufu, anachomoka. Sekunde chache za mwanzo ni za kufunga pengo. Halafu, akikaribia, anapunguza mwendo, na hapo ndipo watu wengi hudhani amechoka. Hapana: swala anakaribia kukata kona, na mnyama aliye kwenye kasi ya juu hawezi kugeuka ghafla. Duma anayeshindwa kupunguza anampita swala kama gari lililokosa kona. Anayefaulu anabaki nyuma yake hatua moja au mbili, anafuata kila kona, kisha ananyoosha mguu wa mbele na kumnasa pajani kwa ile kucha iliyopinda ya kidole cha ndani, ambayo haigusi ardhi na kwa hiyo hubaki kali. Swala anapigwa ngwala, anaanguka, na koo linakabwa.

Utafiti wa mwaka 2018 wa timu hiyohiyo ulipima pande zote mbili: duma na swala pala, simba na punda milia. Wawindaji walikuwa na kasi iliyozidi ya mawindo kwa 38 kwa 100, na uwezo wa kupunguza mwendo uliozidi kwa 72 kwa 100. Yaani waliyazidi mawindo kwa breki zaidi kuliko kwa kasi. Kwa mnyama anayewindwa, maana yake ni kwamba kukimbia kwa nguvu zote si busara; akienda kwa mwendo wa kati anabaki na nafasi ya kugeuka dakika ya mwisho, na kugeuka ndiko kunakomwokoa.

Kuna dhana moja ya duma ambayo inabidi iachwe. Inasemwa kwamba duma huacha kukimbiza kwa sababu mwili unachemka. Ilianzia kwenye jaribio la mwaka 1973 ambapo duma walikimbizwa kwenye mashine ya mkanda, wakakataa kuendelea joto la mwili lilipofika nyuzi 40.5 hivi. Mwaka 2013, watafiti waliopima joto la duma walio huru nchini Namibia hawakuona hilo. Mbio zilizoachwa hazikuishia kwenye joto hilo. Na baada ya windo, joto lilipanda zaidi kwa duma aliyekamata kuliko aliyekosa, ingawa wote walikuwa wametulia. Maelezo yao ni wasiwasi: duma mwenye nyama anajua fisi, simba au chui anaweza kutokea wakati wowote, na hana ubavu wa kupigana naye. Kwa hiyo ukimwona anahema kando ya mzoga huku akigeuza kichwa huku na huku, usiseme "anapoza mwili" tu. Anachunga.

Kuhusu simba, mtafiti George Schaller alifanya kazi Serengeti kuanzia 1966, na namba zake ndizo chanzo cha hiyo 25 hadi 30. Simba aliyewinda peke yake alifaulu takriban mara 15 katika 100. Wakiwa wawili au zaidi, karibu 30. Watu huishia hapo na kusema simba huishi pamoja ili wawinde vizuri. Craig Packer na wenzake walipopima nyama iliyoliwa na kila simba jike, badala ya idadi ya wanyama waliouawa, picha ilibadilika: msimu wa njaa, simba wa peke yake na wale wa makundi ya watano au sita walipata chakula kinacholingana. Kilichowafunga pamoja zaidi ni kulinda watoto na eneo. Waliona pia kwamba simba huchagua lini ajitume. Mawindo yakiwa rahisi, kama ngiri, mmoja anakwenda na wengine wanakaa kutazama. Yakiwa nyati au punda milia, wengi zaidi wanaingia kazini. Kama umeona majike watatu wamelala huku mmoja ananyatia, hao si wavivu wa kuzaliwa. Nguvu zao za ziada zingeongeza kidogo tu nafasi ya kupata, na sehemu yao ya nyama wataipata.

Ushirikiano wa kweli upo hata hivyo, na umeonekana wazi zaidi Etosha, Namibia, ambako nyasi ni fupi na pa kujificha hapapo. Philip Stander alichambua mawindo 486 ya makundi ya simba majike na kukuta kila jike ana nafasi yake. Wengine ni wa pembeni, wanazunguka mbali kushoto au kulia. Wengine ni wa katikati, wanalala na kungoja mawindo yasukumwe kuwajia. Kila mmoja akiwa kwenye nafasi yake aliyoizoea, walifaulu zaidi.

Simba dume naye amesingiziwa mno kwamba hawindi. Anawinda, ila mahali ambapo gari haliingii. Kruger, Afrika Kusini, vipimo vya uoto vilivyofanywa kutoka angani vilionyesha madume wanaua kwenye vichaka vizito kwa kuvizia, huku majike wakitumia sehemu zilizo wazi zaidi. Mtalii yuko barabarani, barabara iko kwenye uwazi, basi anayeonekana ni jike.

Chui anaonewa na namba kwa namna hiyohiyo. Brian Bertram alishuhudia chui wa Serengeti wakijaribu mara 64 mchana, wakafaulu mara tatu. Hiyo ni chini ya 5 kwa 100, na ndiyo inayomweka mkiani mwa orodha. Lakini chui ni mnyama wa giza na majani. Anahitaji kufika mita 10 au chini ya hapo kabla ya kuruka, jambo ambalo mchana kwenye nyasi fupi karibu haliwezekani. Majaribio yake ya mchana ni ya kubahatisha tu, swala akimkaribia mwenyewe. Kumpima chui kwa mchana ni kumpima mvuvi wa usiku kwa samaki aliowapata saa sita za mchana.

Mwezi nao una neno. Simba wa Tanzania walionekana kushiba kidogo zaidi usiku wa giza kuliko usiku wa mbalamwezi, na mashambulizi yao kwa watu kusini mashariki mwa nchi yalikithiri katika siku zinazofuata mwezi mpevu, pale saa za mwanzo za usiku zinaporudi kuwa giza. Ukirekodi mawindo ya usiku bila kuandika hali ya mwezi, umeacha nje jambo kubwa.

Fisi madoa anastahili heshima zaidi ya anayopewa. Hans Kruuk alipowafuata usiku Ngorongoro na Serengeti miaka ya 1960, aligundua kwamba wengi wa wanyama waliowala walikuwa wamewaua wenyewe, na kwamba kule kreta ya Ngorongoro mara nyingi simba ndio waliokuwa wakila alichoua fisi. Asubuhi watu walikuta simba juu ya mzoga na fisi wamezunguka, wakadhani fisi ndio waombaji. Akitaka nyumbu, fisi huanza peke yake: anakimbilia kundi, anasimama, anatazama nani anakwenda vibaya, kisha anamfuata huyo kwa kilomita moja au zaidi, na wenzake wanajiunga njiani. Akitaka punda milia, mambo ni mengine kabisa. Wanakusanyika kumi hivi kabla ya kuondoka, na wanapita katikati ya nyumbu bila kuwageukia, kwa sababu safari ya leo ni ya punda milia na wanaijua tangu wanaondoka. Katika Maasai Mara, Kay Holekamp na wenzake walipata mafanikio ya karibu theluthi moja ya majaribio, na zaidi ya robo tatu ya majaribio yalikuwa ya fisi mmoja.

Hapa tena tazama sehemu ya chini. Lile kimbio fupi la fisi kuelekea kundi la nyumbu, ni jaribio au ni uchunguzi? Anayelihesabu atapata fisi dhaifu. Asiyelihesabu atapata fisi hodari.

Kwa bweha, wawili ni zaidi sana ya mmoja mara mbili. Ngorongoro, bweha mmoja aliyefuata mtoto wa swala alifaulu mara 16 katika 100, wawili mara 67. Sababu inaonekana kwa macho: mama swala anaweza kumfukuza bweha mmoja kwa pembe, lakini akimgeukia huyo, wa pili anamchukua mtoto.

Sasa kama unataka kujibu swali la hodari kwa asilimia peke yake, tafuta wadogo. Mondo, paka wa porini mwenye masikio makubwa, kule Ngorongoro hufaulu karibu nusu ya miruko yake. Anasimama kwenye nyasi ndefu macho yamefumba nusu, masikio yale makubwa yanahama kidogo kidogo hadi sauti ya panya iwe sawa pande zote mbili, kisha anaruka juu na kumshukia kwa miguu ya mbele yote miwili. Na yuko paka mdogo mwenye nyayo nyeusi wa kusini mwa Afrika, mwenye uzito wa kilo moja hadi mbili na nusu. Alexander Sliwa aliwafuata karibu na Kimberley, akakuta wanafaulu takriban mara 60 katika 100 na kuua wanyama 10 hadi 14 kwa usiku mmoja, wengi wao panya na ndege wadogo. Lakini anaua mara nyingi kwa sababu anakula kidogo kidogo na hana akiba mwilini. Simba akipata nyati mmoja, kundi linaweza kupumzika siku kadhaa. Chukua hesabu ya mfano tu: majaribio 10 ya simba kwa 25 kwa 100, kila punda milia kilo 250, ni kilo 625. Majaribio 10 ya mbwa mwitu kwa 60 kwa 100, kila swala pala kilo 45, ni kilo 270. Anayekosa zaidi amepata zaidi, na ndiyo maana hana haja ya kukosa kidogo.

Utakapoanza kurekodi mwenyewe, na ninakusihi uanze, amua kwanza jaribio linaanzia wapi na usibadilishe. Kwa paka, mimi ningeshika wakati anapoinamisha mwili na kupiga hatua ya kwanza akiwa amemkazia mnyama macho. Kwa fisi na mbwa, wakati anapochagua mmoja na kumfuata. Kisha andika: saa, mwanga au mwezi, wawindaji wangapi na wangapi kati yao waliosogea, mnyama gani na wangapi, urefu wa nyasi, upepo unatoka wapi, umbali mbio zilipoanza, mbio ziliishia vipi. Umbali wa kuanza mbio usiukose, kwa sababu ndio unaoeleza kukosa kwingi: paka aliyeonekana mapema huanza mbali, na aliyeanza mbali hukosa.

Mzoga uliokutwa usiuhesabu kamwe. Ukiuhesabu, unaongeza juu ya sehemu bila kuongeza chini, kwa kuwa majaribio yaliyokosa usiku huo hayakuacha alama. Gari lisikate kati ya mwindaji na mawindo, na usiku taa kali usiwamulike wanyama, maana inawapofusha na windo hilo si la simba tena, ni lako.

Pia usitoe asilimia mapema. Ukiona majaribio 10 na matatu yamefaulu, hiyo 30 kwa 100 inaweza kuwa kweli popote kati ya 7 na 65. Ukifikisha 100 na 30 zimefaulu, umebaki kati ya 21 na 40. Kwa hiyo mgeni akikuuliza, mpe namba pamoja na mahali na sehemu yake ya chini: "Duma watano wa Okavango walikimbia mara 367, na mara 95 hivi walipata chakula." Kisha mwonyeshe aliye mbele yenu, na nyasi zilivyo, na swala yuko mita ngapi.